Meno ya Ezra

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu ananiuliza ilikuwaje huko Songwe, nami nimekuwa nikijibu kwamba Mbozi kuna baridi na kahawa yao ni nzuri. Juzi Mama Jeni akanishika mkono akasema, "Rehema, uliondoka na sanduku, umerudi huna sanduku, na huongei. Kama mdomo umekataa, basi andika." Naandika. Mkishamaliza kusoma mtaelewa kwa nini mdomo ulikataa.

Kwa wale ambao hawanijui vizuri: natengeneza fremu za picha hapa Morogoro, na kwa miaka tisa sasa nakusanya midoli ya zamani. Siyo ile ya plastiki. Nakusanya watu na wanyama wa mti, wa bati, wa udongo na wa waya, waliotengenezwa na wazazi kwa mikono yao ili watoto wao wapate cha kuchezea. Aliyevunjika namuunga. Aliyechakaa nampiga msasa na kumpaka rangi. Miaka miwili iliyopita nilinunua kwa simu, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Mpemba karibu na Tunduma, Osea Sichone, anayeuza makabati na vyombo vya zamani, sanduku lenye watu tisa wa mti. Walikuwa vibarua wa reli: mmoja ana sururu, mmoja anasukuma toroli, mmoja amevaa kofia pana na kushika kikombe cha chai, mmoja amebeba ndoo ya maji kichwani. Walichongwa na baba mmoja aliyefanya kazi kambini wakati reli ya kwenda Zambia inajengwa. Niliwashughulikia miezi minne. Nilipoweka picha zao mtandaoni, watu walinisifia mpaka nikaanza kujisikia fundi kweli.

Kisha Osea akapiga simu. Alisema wenye watu wale wamejitokeza. Kijana wa ukoo aliuza kabati la marehemu bibi yake bila kuwauliza wakubwa, na sanduku lilikuwa ndani ya droo. Binti mkubwa wa mchongaji, Bibi Tabita wa Hasamba, haombi kurudishiwa. Anaomba awaone tu.

Morogoro hadi Makambako

Mlinisindikiza stendi nikiwa na gauni jipya la kitenge. Nalitaja kwa sababu linaeleza nilikuwa naenda kufanya nini. Nilikuwa naenda kushukuriwa. Kichwani nilishaiona picha yote: Bibi Tabita anafunua sanduku, anaweka mkono mdomoni, machozi yanamtoka, nami nampiga picha akiwa amewakumbatia. Kuna maonyesho madogo niliyoahidiwa hapa mjini, na picha hiyo nilikuwa nimeshaichagulia fremu.

Nilikataa sanduku lisiwekwe kwenye buti, nikalipakata. Kondakta akaniuliza, "Mama, humo umebeba nini?"

"Watu tisa," nikamjibu kwa kujidai.

Mama mmoja wa Mlowo aliyekaa nami kiti kimoja akageuza shingo. "Watu wa namna gani?"

"Wadogo wadogo. Wa mti. Umri wao unanizidi mimi."

Tulipofika Mikumi akahamia viti vya nyuma, na aliyekuja kukaa mahali pake akainuka baada ya kunong'onezwa. Nilifurahia nafasi, nikanyoosha miguu.

Kitonga tukakuta lori limelala katikati ya barabara. Tulikaa pale kwa muda wa saa sita. Watu walishuka, wakatandika khanga kwenye majani, wakanunua mahindi ya kuchoma. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na sanduku langu, nikawaona wanakuja: kondakta, wanaume wawili, na yule mama wa Mlowo nyuma yao. Kondakta aliongea kwa adabu sana. Aliniomba nifungue sanduku, kwa sababu abiria wameanza kusema lori halikuanguka hivi hivi.

Nilifungua. Mwanamume mmoja akamchukua yule wa toroli, akamtembeza juu ya ukingo wa barabara, akacheka mwenyewe. Baada ya muda watu wangu wote tisa walikuwa wanapita mkono kwa mkono. Mama wa Mlowo akaketi karibu nami, akamenya yai la kuchemsha, akanigawia nusu.

"Dada, siku nyingine sema ni midoli," akasema. "Ukisema watu, sisi tunaelewa watu." Kisha akamtazama yule wa kikombe. "Halafu mbona unasema ni wa zamani? Hawa ni wapya kabisa. Kama wametoka dukani leo."

Nilimshukuru. Nilidhani ananisifia.

Lori lilipoondolewa siku ilikuwa imekwisha, na dereva akasema hataendelea kupita Makambako. Tukalala hapo.

Makambako hadi Mpemba

Asubuhi madirisha ya basi yalikuwa na ukungu wa pumzi zetu. Baada ya Mbeya usingizi ulinichukua, nikaamka Mlowo yule mama akiniaga kwa kunigusa bega. Kutoka hapo barabara ilikuwa na vichanja vya kuanikia kahawa nje ya kila nyumba, na wanawake wameinama juu yake.

Kwenye simu Osea ana sauti nzito, kwa hiyo nilikuwa natafuta mtu mnene. Aliyenipokea Mpemba ni mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu, anayeongea taratibu kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Uwanja wa nyumba yake umejaa makabati, vitanda vya chuma na cherehani zisizo na meza. Mkewe, Mama Atu, alinikaribisha kwa ugali, dagaa na majani ya maboga yaliyotiwa karanga. Nilikula kama sijala siku mbili.

Baada ya chakula Osea aliomba kuwaona. Aliwatoa mmoja mmoja. Alipofika kwa yule wa ndoo, akakaa naye muda mrefu, akimgeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Huyu si ndiye yule aliyekuwa ameng'atwang'atwa?"

"Ndiye."

"Nilikwambia kwenye simu alikuwa mzuri hivyo hivyo." Akapitisha kidole begani kwa mtu yule. "Sasa hata haonekani."

"Ndiyo kazi yangu," nikasema.

Akamrudisha sandukuni, akafunika.

Tunduma

Bibi Tabita alituma ujumbe kwamba anachuma kahawa, twende keshokutwa. Siku ile ya kungoja Osea akanichukua mjini Tunduma, pengine tungepata kitu cha mkusanyiko wangu. Tulipita kando ya foleni ya malori ambayo sikuona mwanzo wake. Madereva walikuwa wametundika fulana kwenye vioo na kupika chini ya matrela.

Karibu na mpaka kulikuwa na mama wa upande wa Zambia aliyetandaza vitu chini. Akanisalimu, "Mwapoleni, mukwai," nami nikaitikia kwa Kiswahili. Nyuma yake kulikuwa na kikapu cha zamani kilichosukwa vizuri sana. Nikakionyesha kwa kidole na kutikisa kichwa kwamba nakitaka. Akafurahi. Akachota kutoka kwenye kikapu kile, akanijazia sahani ya viwavi vya kukaanga, akanipa na chumvi. Watu walikuwa wanatazama. Nikala. Si vibaya, vinafanana na dagaa waliokauka sana, lakini nilikula sahani nzima macho nikiwa nimeyakaza kwenye malori.

"Dada Rehema," Osea akaniuliza nilipomaliza, "ulikuwa unataka kikapu?"

Kwa mama huyo huyo tulimpata mwendesha baiskeli wa waya. Ukivuta baiskeli, miguu inapanda na kushuka. Mguu mmoja ulikuwa umekatika na waya wote ulikuwa na kutu. Nilimwambia Osea kwamba nyumbani nitabadilisha waya.

"Wote?"

"Wote. Umeoza."

"Ukibadilisha wote, kinabaki nini?"

"Kinabaki kizuri," nikamjibu, nikacheka. Yeye hakucheka, lakini hakuendelea.

Mpemba hadi Hasamba

Tulikwenda kwa pikipiki yake, sanduku likiwa limefungwa kati yetu. Pale Ihanda alisimama mara tatu kusalimia. Wanamfahamu. Mama mmoja alitoka mpaka barabarani kumwambia lile kabati bado lipo, apite akalione jioni. Osea alinieleza kwamba nusu ya vitu vyake vinatoka kwenye nyumba za huko, na kwamba hanunui kitu mpaka ameuliza nani alikitumia na kama wenyewe wote wamekubali. Kwa lile sanduku hakuuliza vya kutosha, na bado lilimsumbua.

"Bibi Tabita si mtu wa maneno," akasema. "Usimharakishe."

Alinishusha Hasamba, akasalimia, akarudi Ihanda kuangalia kabati. Angenifuata saa tisa.

Bibi Tabita amevuka sitini, mrefu, mikono imeingia weusi wa maganda ya kahawa. Alikuwa na mdogo wake, mzee Yaredi, mwenye mashamba Ihanda, mzee wa kanisa, aliyevaa koti ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Nilitoa shikamoo zangu. Tukaletewa viazi vitamu na kahawa waliyokaanga wenyewe. Kisha Bibi Tabita akatandika khanga barazani, akafungua sanduku mwenyewe. Nilitoa simu, nikaiweka tayari.

Akawapanga mstari. Hakuweka mkono mdomoni. Alimchukua wa kwanza, akamtazama usoni, akamgeuza mgongo, akamweka chini. Wa pili hivyo hivyo. Walipofika tisa akaanza tena upya, safari hii bila kuangalia, akiwapapasa tu kwa kidole gumba, huku akitazama shambani.

"Wa Ezra yuko wapi?" akauliza.

"Wote wako hapo, bibi. Tisa."

"Wa Ezra alikuwa na meno."

Nilicheka. Nilidhani anazungumzia meno ya kuchonga. Nikamwambia hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungua mdomo.

Mzee Yaredi ndiye aliyenieleza. Ezra alikuwa kaka yao. Alipoanza kuota meno alimng'ang'ania mtu mmoja wa baba, akawa anamtafuna begani na shingoni mchana kutwa, hakubali kumwachia. Kabla hajatimiza miaka mitatu akafa kwa surua hukohuko kambini. Kambi ilipohamia mbele, wakamwacha. Mahali alipozikwa hawapajui tena. Picha hawakuwa nayo, nani angepiga picha kambini.

"Mimi nilizaliwa baadaye," mzee Yaredi akasema. "Huyo kaka nilimjua kwa kidole tu. Mama alikuwa ananishika kidole, anakiweka kwenye vile vishimo, ananiambia, huyu hapa kaka yako."

Naomba mnielewe kwamba nilikumbuka palepale. Nilikumbuka kila kitu. Ni yule wa ndoo. Mti wenyewe ulikuwa mlaini, mbao za masanduku ya mizigo, na alikuwa na vishimo vidogo vidogo kuanzia begani mpaka chini ya sikio. Nilivijaza gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, nikangoja ikauke, nikapiga msasa mpaka pakawa kama shavu la mtoto, nikapaka rangi. Nilijivunia bega lile kuliko kazi nyingine yote. Nililipiga picha peke yake.

Bibi Tabita akanitazama. "Mwanangu, wewe ulimkuta na meno?"

Nikasema, "Hapana, bibi. Nilimpata hivi hivi."

Sikufikiri. Maneno yalitoka kirahisi kabisa, kwa sauti ya upole, hata na masikitiko kidogo. Nadhani hiyo sauti ndiyo inayoniumiza zaidi nikiikumbuka.

Wakazungumza kwa Kinyiha. Sikuelewa ila jina moja lililorudiwa, Sichone. Kisha mzee Yaredi akaongea kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Basi ni yeye. Amemsugua apate kumuuza vizuri."

Ilikuwa nafasi ya pili ya kusema. Nilikunywa kahawa.

Hasamba hadi Mpemba

Osea alifika saa tisa na nusu. Alivua kofia, akasalimia. Bibi Tabita aliitikia, mzee Yaredi hakuitikia.

"Sichone," mzee akasema, "ulinunua vitu vya marehemu mama kwa kijana asiye na ruhusa. Tukasema hukujua, tukanyamaza. Lakini hili la kumfuta Ezra ili wateja wampende, hili umelifanyaje?"

Osea akamtazama mtu wa ndoo aliyekuwa peke yake pembeni ya khanga. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama muda wa kutosha mtu kusema sentensi nzima, tena ndefu. Niliangalia kikombe changu.

"Samahani, baba," akasema Osea.

"Samahani ya nini? Sema ulichofanya."

"Samahani kwa lililotokea."

Mzee Yaredi akamwambia asikanyage tena pale, na watu wa Ihanda atawaambia yeye mwenyewe. Bibi Tabita aliwarudisha watu wote tisa sandukuni, akalifunika, akanikabidhi mimi.

"Nenda nao," akasema. "Hawa siwajui."

Tulipanda pikipiki. Juu ya mwinuko, kabla ya kuingia barabara kuu, Osea alisimama kukaza kamba. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nakupisha useme wewe," akajibu. Akawasha pikipiki.

Siku moja zaidi Mpemba

Ningewaambia kwamba nilirudi Hasamba kesho yake alfajiri, ningekuwa naongeza uongo. Kesho yake nilikwenda kuulizia basi la kurudi Morogoro. Niliporudi kufunga mizigo, Mama Atu alikuwa anachambua maharage uani. Akaniambia simu ya mumewe imelia tangu asubuhi. Yule mama wa kabati amesema asije tena. Na mwingine. Na mwenyekiti wa kwaya yao amemwuliza kama ni kweli.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Mume wangu alifanya nini kule? Namuuliza, anasema yamepita."

Alikuwa hajamwambia. Hata mkewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, hakumwambia kwamba mgeni wanayemlisha ni mwongo.

Nikamwambia Mama Atu yote. Nilisimama tu pale na begi mkononi, nikasema. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akanyanyua ungo, akaupuliza.

"Basi nenda," akasema. "Chai utakunywa ukirudi."

Hasamba, mara ya pili

Nilichukua bodaboda. Ihanda tairi likapata pancha, dereva akasema nimsubiri. Mama mmoja aliyekuwa anachemsha viazi akanipa kigoda, akanitazama mimi na sanduku.

"Wewe ndiye yule mgeni aliyeuziwa vibaya na Sichone? Pole sana, mdogo wangu."

Nilikuwa njiani kwenda kusema ukweli, nimeshaupanga kichwani. Lakini alinipa kiazi cha moto kwenye jani la mgomba, akaniangalia kwa huruma, nami nikasema, "Asante, dada." Nikala kiazi. Sijui niwaeleze vipi. Kupewa pole ni kutamu.

Bibi Tabita alikuwa peke yake kwenye kichanja, anaondoa kahawa mbovu. Niliweka sanduku chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umesahau kitu?"

"Bibi, nilikudanganya. Meno yalikuwepo. Osea hakumgusa. Mimi ndiye niliyeyafukia."

Mkono wake haukusimama. Aliokota punje, akatupa, akaokota nyingine.

"Yote?"

"Yote."

"Uliyahesabu kwanza?"

"Hapana."

"Mimi nilikuwa nayahesabu," akasema. "Yalikuwa kumi na moja."

Nilianza kulia, naye akaniacha nilie, akaendelea na kahawa yake. Nilipotulia akaniuliza kama naweza kumtoa. Hakusema kuyatoa meno. Alisema kumtoa.

Nikaomba maji ya moto, kitambaa na sindano. Gundi ile hulainika kwa maji ya moto. Nilikaa barazani na mtu wa ndoo mapajani, nikafunga bega lake kwa kitambaa, nikangoja, nikachokoa, nikafunga tena. Sijawahi kufanya kazi taratibu vile. Bibi Tabita alileta kigoda akakaa mbele yangu, karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Rangi ilitoka kwanza, kisha ule uji wa gundi ukaanza kuinuka vipande vipande. Kishimo cha kwanza kilipofunguka nilimwona ameacha kupumua.

Vilitoka vinne. Cha tano kilikuwa nusu. Nilitafuta vingine mpaka sindano ikaanza kukwaruza mti wenyewe, nikaacha.

"Vingine?"

"Vilikuwa vya juu juu, bibi. Niliviondoa kwa msasa. Havirudi."

Akamchukua. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye kishimo kimoja, ukaenea, akaupitisha kwenye kingine. Alikaa hivyo. Kisha akamwita mzee Yaredi, ambaye alikuwa anashusha magunia nyuma ya nyumba. Walizungumza kwa lugha yao. Mzee Yaredi akampapasa yule mtu, mara moja, mara mbili, akamrudishia dada yake. Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze.

"Nimemtukana mtu asiye na kosa, tena barazani kwa watu," akasema. "Nawe ulikuwa umekaa hapa." Akachukua funguo za gari lake la mizigo. "Twende."

Nilimwacha Bibi Tabita na watu wote tisa. Hakunishukuru wala sikutegemea. Alipokuwa anaagana nami alishika mkono wangu, akaugeuza, akaangalia vidole vyangu kama anayetafuta kitu, akauachia.

Kurudi

Ihanda nilimwomba mzee Yaredi asimame kwa yule mama wa viazi. Nikashuka, nikamwambia. Akasema, "Ehe," basi. Kigoda hakunipa tena.

Mpemba tulimkuta Osea anapiga randa mlango wa kabati. Mzee Yaredi alivua kofia akiwa bado nje ya uzio, akaingia nayo mkononi. Ni mtu mzima, anaheshimika, na nilimwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu anayeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, anamwomba msamaha kwa neno nililolitengeneza mimi. Alisema atazipigia simu nyumba zote alizozipigia, na Jumapili atasimama mwenyewe kanisani. Osea alimletea kiti. Wakakaa, wakaanza kuzungumza habari za kahawa na mvua, na mzee akakubali chai. Mama Atu aliniletea na mimi kikombe, kama alivyoahidi. Nilikinywa nikiwa nimesimama.

Asubuhi Osea alinisindikiza kwenye basi. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno, na begi lilipokwisha kupakiwa yakanitoka yote kwa pamoja: kwamba mimi siyo mtu wa namna hiyo, kwamba sijui nini kilinipata, kwamba sitajisamehe kamwe, kwamba usiku sipati—

Akanikatiza kwa upole.

"Dada Rehema, umeshasema kwa waliopaswa kusikia. Nimekusikia na mimi. Sasa usinipe na kazi ya kukubembeleza."

Akanipa mkono, akaondoka kabla basi halijawashwa.

Nyumbani nimewashusha midoli wangu wote kutoka kwenye rafu. Thelathini na wanne. Nimewatazama chini ya taa ya kazini, na popote nilipoona bega laini sana, mguu mpya, uso usio na mkwaruzo, nimeandika pembeni jina la aliyeniuzia. Maonyesho nimeyaahirisha. Nimeanza kupiga simu. Wa kwanza hakupokea. Wa pili, bwana mmoja wa Njombe, aliniuliza kwa nini leo nataka kujua nani aliyekuwa anachezea kile kifaru cha udongo, na kama kuna tatizo lolote.

Nikamwambia lipo, nikamweleza nilichofanya.